Nitaludi

Simu ya M'Bagalwa ina kioo kama kiberiti:
nukta mia na ishirini na nane kwa upana,
mia na sitini kwa urefu.
Faili la maandishi haifungui. Ukiilazimisha inanyamaza
kama mtoto aliyeulizwa nani kavunja sahani.
Picha, inafungua.

Basi kazi yangu hapa Kadutu, juu ya soko,
chini ya bati lenye tundu moja nisilolipata,
ni kugeuza maneno yawe picha.
Nakata mstari usizidi herufi kumi na nane.
Nachagua herufi nene, zisizo na madaha,
nyeusi tii, maana jua la saa sita halioni haya.
Ukurasa wa kwanza nauita 001, siuiti 1,
la sivyo simu itapanga moja, kumi, kumi na moja,
na habari itarukaruka kama mbuzi wa Nyamugo.
Nimegeuza zaburi. Vipimo vya dawa kwa wauguzi wa milimani.
Katiba ya chama cha akiba. Barua za mapenzi
za watu walioniomba nisizisome.
Nilizisoma.

Mwezi wa kumi, mvua ikitwanga,
M'Bagalwa alifungua pindo la kitenge
akatoa kadi ya kumbukumbu, ndogo kuliko ukucha.
Meseji za mumewe, Murhula,
zote alizotuma kutoka Kamituga
kabla shimo halijafumba mdomo.
Mia mbili na sita. Mpwa wake alizihifadhi
siku mbili kabla simu ya kwanza
haijatumbukia katika beseni la kufulia.

Nimefika.
Huku ni matope tu.
Mtoto amekura?
Siku ya posho nitaludi.

Mwalimu wangu wa darasa la nne
alinichapa viganja kwa ajili ya r na l
mpaka nikaziogopa zote mbili.
Labda ndiyo sababu. Sijui.
Nilibonyeza: badilisha zote.
Mashine ikajibu kwa adabu: hamsini na tatu zimebadilishwa.
Nikajiona fundi. Nikafuta faili la zamani
picha zipate nafasi.

Kesho yake alirudi, akaweka simu juu ya meza.
"Huyu ni nani?"
Nikasema, mama, ni yeye, nimemnyoosha kidogo tu.
"Murhula hakuwahi kurudi hivi."

Neno likishakuwa picha si neno tena,
ni doa la nukta nyeusi.
Huwezi kuingiza kidole ukachomoa herufi moja
na kutia nyingine; unaanza upya,
na pa kuanzia nilikuwa nimepafuta.

Akavuta kibao, akaketi, akafumba macho.
Akaanza na Nimefika.
Mia mbili na sita, kwa mpangilio, na makosa yake,
hata pale alipoandika "mke wagu" bila n
kwa sababu, alisema, kidole kilikuwa kimepondwa wiki ile.
Mimi nachapa. Mvua. Umeme ukakatika kwenye 149,
tukakaa gizani tukisikia wauza sambaza wakifunga,
akaendelea kunisomea bila mashine,
nikaandika kwa kalamu nyuma ya daftari la madeni.

Nilimuuliza: kama unazo zote kichwani, picha za nini?
"Nataka kitu kingine kizibebe
nikiwa nimelala."

Umeme ulirejea karibu na saa tatu.
Ukurasa wa 206 ulitoka na mistari miwili tu, juu kabisa:
Siku ya posho
nitaludi
na chini yake weupe mtupu, nukta kwa nukta.
Nikamwambia naweza kukuza herufi
zijaze kioo.

Akaitazama muda mrefu, simu ikajizima, akaiwasha.
"Hapana," akasema. "Hapo chini pawe wazi."